Muuguzi Asiachwe Peke Yake: Somo la Afya ya Akili Kazini kutoka Kibiti na Delta ya Rufiji

Utangulizi

Muuguzi anapolemewa na kazi, mara nyingi huambiwa mambo mawili: awe na moyo, na akumbuke kwamba uuguzi ni wito. Maneno hayo yana heshima yake, wala makala hii haikusudii kuyabeza. Hata hivyo, moyo si kifaa kinachoagizwa bohari kila kinapokwisha, na wito haumpumzishi mtu aliyekesha siku tatu mfululizo. Somo hili linatetea hoja moja: afya ya akili ya muuguzi hutunzwa kwanza na mpangilio wa kazi yenyewe, na jambo la msingi katika mpangilio huo ni kwamba muuguzi asiachwe peke yake wakati wa uamuzi mzito, wala asiachwe peke yake baada ya matokeo mabaya.

Tumechagua Kibiti na delta ya Rufiji kuwa mahali pa kujifunzia kwa sababu huko upweke wa kazini unaonekana kwa macho. Yanayosemwa hapa, hata hivyo, yanamhusu pia muuguzi wa wodi yenye watu wengi mjini, kwa maana mtu aweza kuwa mpweke hata katikati ya umati.

Baada ya kusoma makala hii, msomaji ataweza:
1. kutofautisha msongo wa kawaida, uchovu uliokithiri wa kazi, sonona na kiwewe;
2. kueleza jinsi mazingira ya kazi yanavyozalisha au kupunguza madhara hayo;
3. kupanga hatua za kumsaidia muuguzi kabla na baada ya tukio zito, kwa ngazi ya mwenzake, ya mfawidhi na ya halmashauri.

Mahali na kazi

Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji mkoani Pwani, ina sura mbili. Ya kwanza ni ya nchi kavu, kandokando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, ambako mji wa Kibiti umekua. Ya pili ni ya delta, mahali Mto Rufiji unapogawanyika katika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia. Delta hiyo ina msitu mkubwa wa mikoko, miongoni mwa mikubwa kuliko yote katika Afrika ya Mashariki, wenye takriban hekta 53,000, na tangu mwaka 2004 imo katika eneo la ardhioevu lililotambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Kwa mtumishi wa afya, uzuri huo una gharama. Katika visiwa vya delta, safari ni ya mtumbwi au boti, na anayeipanga saa ya kuondoka ni maji. Wakati wa bamvua maji hujaa sana na kupwa sana. Yakipwa, vijito hubaki matope na chombo hukwama kati ya mikoko. Mgonjwa wa rufaa hutolewa kisiwani hadi bandari kama Nyamisati, kisha hupandishwa gari kuelekea Bungu na barabara kuu, ndipo safari ya hospitali ianze kuhesabiwa.

Hapo ndipo ilipo hesabu ambayo kila mkunga wa delta anaijua bila kufundishwa. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua huweza kumuua mwanamke aliyekuwa na afya njema ndani ya saa 2. Maji huchukua takriban saa 6 kutoka kupwa hadi kujaa. Damu haingoji maji. Muuguzi anayeingia zamu ya usiku katika zahanati ya kisiwani huingia na hesabu hiyo kichwani, hata usiku ambao hakuna mama yeyote anayejifungua.

Maana ya maneno tunayotumia

Kabla ya kuendelea, ni vema tukatenganisha hali nne ambazo kwa kawaida huchanganywa.

Msongo wa mawazo ni itikio la mwili na akili kwa jambo linalodai nguvu nyingi. Si ugonjwa. Ukipata mapumziko na msaada, hushuka.

Uchovu uliokithiri wa kazi hutokea pale msongo unapodumu muda mrefu bila kushughulikiwa. Toleo la 11 la Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, limeutaja kuwa ni hali inayotokana na kazi, si ugonjwa wa mtu binafsi. Una pande tatu: kuishiwa nguvu, kujenga ubaridi au dharau kwa kazi na kwa watu unaowahudumia, na kuona kwamba unalofanya halina tija. Upande wa pili ndio unaofichwa zaidi na lugha zetu. Muuguzi tunayemwita mkali au mwenye kiburi, wakati mwingine ni mtu aliyekwisha kuchoka, na ubaridi wake ni ngozi aliyoivaa ili asiumie tena.

Sonona ni ugonjwa. Huzuni au kukosa hamu ya mambo hudumu siku nyingi kwa muda wa wiki 2 au zaidi, pamoja na mabadiliko ya usingizi na hamu ya kula, kukosa nguvu, kujiona huna thamani, na pengine mawazo ya kujiua. Sonona haiishi kwa likizo peke yake. Inahitaji tiba, na inatibika.

Kiwewe ni alama inayoachwa na tukio la kutisha, hasa kifo au hatari ya kifo. Mtu huliona tukio tena usiku au mchana, hukwepa mahali na watu wanaomkumbusha, na hushtuka kwa jambo dogo. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache wakiwa na watu wa karibu. Wachache hubaki nalo na huhitaji mtaalamu.

Mwaka 2000 daktari Albert Wu wa Marekani alipendekeza jina ambalo limeenea tangu hapo: mtumishi wa afya anayeumizwa kiakili na tukio baya lililompata mgonjwa wake alimwita mwathirika wa pili. Wa kwanza ni mgonjwa na jamaa zake, na hilo halibadiliki. Lakini yupo wa pili, naye kesho yake anatakiwa zamu.

Vyanzo vinne vya mzigo

Cha kwanza ni upungufu wa watumishi. Kwa miaka mingi taarifa za serikali zenyewe zimekiri kwamba sekta ya afya nchini ina takriban nusu tu ya watumishi wanaotakiwa katika ikama, na vituo vya pembezoni ndivyo vinavyoathirika zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku na saa 24 kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Zahanati yenye muuguzi mmoja haiwezi kuyatimiza hayo hata ikitaka. Mtumishi akilala nyumbani kwake, mita chache kutoka chumba cha kujifungulia, bado yuko kazini, maana mlango utagongwa.

Cha pili ni kujua linalotakiwa na kukosa uwezo wa kulifanya. Muuguzi anajua kwamba mgonjwa anahitaji damu, naye hana damu. Anajua kwamba anahitaji upasuaji, na boti imekaa juu ya matope. Hali hii ikijirudia huacha jeraha la dhamiri. Aliyeumia huanza kujilaumu kwa jambo ambalo hakulipanga yeye.

Cha tatu ni matukio makubwa yanayoikumba jamii nzima. Kati ya mwaka 2015 na 2017 maeneo ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga yalipitia kipindi cha mauaji ya viongozi wa vijiji, wananchi na askari. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa kuviziwa wilayani Kibiti, na mwaka huohuo serikali ikaunda kanda maalumu ya kipolisi ya Rufiji. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, na tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kikafika pwani hiyohiyo. Katika matukio ya namna hii muuguzi ana nafasi mbili kwa wakati mmoja. Ni mhudumu wa walioathirika, na ni mmoja wao: nyumba yake imeingia maji, shamba lake la mpunga limekwenda, mtoto wake anaogopa usiku. Mipango ya dharura humhesabu kuwa mtoa huduma tu.

Cha nne ni hofu na vurugu za kila siku: matusi ya ndugu wa mgonjwa, kutembea usiku peke yake kwenda kituoni, na jeraha la sindano. Kuhusu jeraha la sindano, ni muhimu kukumbusha kwamba dawa kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI huanzwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na hutumiwa kwa siku 28. Kituo ambacho muuguzi hajui dawa hizo ziko wapi, au anaona aibu kuziomba kwa sababu kijiji kizima kitajua, kinamwachia wiki nyingi za wahaka zisizo za lazima.

Mfano wa kujifunzia

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kufundishia. Haumhusu mtu wala kituo chochote.

Muuguzi mkunga wa zahanati moja ya kisiwani, mwenye miaka 3 kazini, anamzalisha mama wa mtoto wa tano saa 6 usiku. Mtoto analia vizuri. Baada ya kondo kutoka, damu haikatiki. Anampa oksitosini, anakanda mfuko wa uzazi, anafungua mishipa miwili na kuweka dripu, anamwondolea mkojo. Anapiga simu kwa mfawidhi ambaye yuko likizo, na simu haipatikani. Boti ipo na nahodha ameamshwa, lakini maji yamepwa. Saa 9 na nusu usiku mama anafariki.

Asubuhi anamwosha pamoja na wanawake wa kijiji. Siku ya pili wanafika maofisa kuchukua taarifa. Swali la kwanza wanalomuuliza ni hili: "Kwa nini hukutoa rufaa mapema?" Usiku wa siku hiyo anapokea mama mwingine.

Baada ya wiki 3 mambo yafuatayo yanaonekana. Anawapa rufaa kina mama wote, hata wasio na dalili ya hatari. Amekuwa mkali chumba cha uzazi. Analala saa 2 au 3 tu. Hanunui tena samaki gatini, kwa sababu anayeuza ni mama mkwe wa marehemu. Ameandika barua ya kuomba uhamisho, na sababu aliyoitaja ni matatizo ya kifamilia.

Tukiuchunguza mfano huu, tunaona kwamba muuguzi hakukosa moyo, wala hakukosa maarifa ya msingi. Alikosa vitu vinne. Katika saa zile tatu alikosa mtu wa kumuuliza na wa kumwambia, "Endelea, uko sahihi, sasa fanya hivi." Baada ya kifo, mtu wa kwanza wa ofisini kuzungumza naye alikuja na fomu. Hakuna aliyempokea zamu. Na hakuna aliyerudi baadaye kumuuliza kama anapata usingizi.

Tena tazama barua ile. Halmashauri itaisoma kama suala la familia, itampeleka muuguzi mwingine kisiwani, na kila kitu kitabaki kilivyokuwa. Hivyo ndivyo delta inavyopoteza wakunga wake bila mtu kujua sababu.

Dalili za kuangalia

Mfawidhi na wafanyakazi wenza ndio wanaoona kwanza. Dalili zinazostahili kuzingatiwa ni hizi: kuchelewa au kutoonekana kazini kwa mtu aliyekuwa mwaminifu, makosa madogo katika kuandika au kupima dozi, hasira au ukimya usio wa kawaida, kukwepa kazi ya aina fulani, kulalamika maumivu ya kichwa, mgongo au tumbo yasiyoisha, kuongeza pombe, na kujichukulia dawa za usingizi katika kabati la kituo.

Yapo pia maswali mawili mafupi yanayotumika duniani kuchuja sonona. Katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na kukosa hamu au furaha ya kufanya mambo? Na ni mara ngapi umejisikia huzuni, unyonge au kukata tamaa? Kila swali hupewa alama 0 kwa jibu la "hapana kabisa", 1 kwa "siku kadhaa", 2 kwa "zaidi ya nusu ya siku hizo", na 3 kwa "karibu kila siku". Jumla ya 3 au zaidi haithibitishi ugonjwa, ila inatosha kumpeleka mtu kwa uchunguzi kamili.

Swali la kujiua liulizwe waziwazi pale penye shaka. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpa ahueni ya kusema. Akikiri, asiachwe peke yake, na funguo za kabati la dawa zikabidhiwe kwa mwingine, maana muuguzi ana maarifa na dawa vyote viwili mkononi.

Hatua za msaada

Ngazi ya kwanza: mwenzake kazini

Msaada wa kwanza wa kisaikolojia, kama unavyofundishwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2011, una vitendo vitatu: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Angalia usalama na mahitaji ya haraka: amekula, amekaa, ana mtu wa kumlindia watoto? Sikiliza bila kuhoji. Unganisha na watu na huduma anazohitaji. Maneno yanayofaa ni mafupi: "Sista, pole sana. Usiku ulikuwa mzito. Mimi nipo, na zamu ya leo naishika mimi." Yasiyofaa ni yale yanayofunga mdomo: "Ni mapenzi ya Mungu, sahau," au "Sisi wengine tumepita makubwa kuliko hayo." Faraja ya dini ina nafasi yake kubwa kwa wengi, lakini aliyefiwa na mgonjwa huihitaji baada ya kusikilizwa, si badala ya kusikilizwa.

Hapa pana tahadhari. Isidhaniwe kwamba kila aliyepitia tukio baya lazima akalishwe na kusimulia yote siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao kimoja cha kumlazimisha mtu kueleza kiwewe chake kwa undani, kwa kuwa hakizuii madhara na huweza kuyaongeza. Mtu aseme anapotaka, na kwa kiasi anachotaka.

Ngazi ya pili: mfawidhi na msimamizi wa wilaya

Pendekezo letu kuu kwa ngazi hii ni ziara mbili, si moja. Kila kifo cha uzazi hutakiwa kuripotiwa na kujadiliwa, na hilo ni haki ya marehemu na ya kina mama watakaofuata. Utaratibu wa kujadili vifo hivyo umejengwa juu ya kanuni ya kutotaja jina na kutolaumu. Kanuni hiyo huvunjika mara nyingi mlangoni, pale mtu mmoja anapokuja kwa wakati mmoja kuchunguza na kufariji. Hawezi kufanya yote mawili. Basi ziara ya kwanza iwe ya muuguzi: ifanyike ndani ya siku 3, na muuguzi mwenye uzoefu, bila fomu yoyote mkononi. Ziara ya pili iwe ya kumbukumbu. Muuguzi akijua kwamba ya kwanza itakuja, ataizungumza ya pili kwa ukweli zaidi, na ukweli ndio utakaookoa mama mwingine.

Pamoja na hayo, mfawidhi apange mambo yafuatayo:
1. Simu ya usiku. Kila zamu ya usiku iwe na jina la mtu mmoja wa ngazi ya juu anayewajibika kupokea simu, na jina la pili iwapo la kwanza halipatikani. Namba 115 ya usafiri wa dharura wa mfumo wa m-mama husaidia kupata chombo. Simu tunayoizungumzia hapa ni ya kusaidia uamuzi.
2. Kupokewa zamu. Baada ya kifo cha mgonjwa kilichotokea mikononi mwake, muuguzi apumzike angalau usiku mmoja kamili kabla ya kurudi chumba cha uzazi. Akitaka kurudi mapema, aanze akiwa na mwenzake.
3. Kurudi kuuliza. Msimamizi aandike katika kalenda yake wiki 2, mwezi 1 na miezi 3 baada ya tukio, na siku hizo ampigie simu. Kiwewe na sonona huonekana baada ya wengine kusahau.
4. Kikao cha mwezi. Nusu saa ya watumishi kuzungumza juu ya kazi iliyowaelemea, bila kuandika majina, na bila kukigeuza kikao cha takwimu.

Ngazi ya tatu: halmashauri

Miongozo ya afya ya akili kazini iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 haianzi na ushauri nasaha. Inaanza na kubadilisha mazingira yanayoumiza, kisha kuwafundisha wasimamizi, ndipo inapofika kwa mfanyakazi mmoja mmoja. Mpangilio huo una mantiki. Kumfundisha mtu kupumua taratibu huku ukimwacha peke yake siku 30 ni sawa na kumpa kata ya kukumba maji mwenye mtumbwi uliotoboka: itamsaidia, lakini tundu lingalipo.

Kwa delta, mambo matatu yanastahili kupewa kipaumbele. Kwanza, kituo kisiwe na muuguzi mmoja. Iwapo watumishi hawatoshi, ni heri wapangwe wawiliwawili katika vituo vinavyoshughulikia uzazi, na vituo vingine vipewe huduma ya kutembelewa kwa ratiba inayofuata maji. Pili, muda wa kukaa kisiwani ujulikane tangu mwanzo, na uhamisho baada ya muda huo uwe haki inayotarajiwa. Mtu huvumilia mengi akijua mwisho wake. Tatu, tiba ya siri. Muuguzi anayeugua sonona hawezi kutibiwa na yule anayekaa naye zamu, na faili lake likahifadhiwa katika rafu anayoipanga mwenyewe. Apewe njia ya kuonwa wilaya nyingine au hospitali ya rufaa, na ruhusa yake isitaje ugonjwa.

Unyanyapaa ni kikwazo kikubwa hapa. Mirembe ya Dodoma, hospitali ya afya ya akili iliyoanzishwa mwaka 1927 na iliyowarudishia afya watu wengi, jina lake mitaani limegeuzwa kuwa tusi. Nasi watumishi wa afya tumelitumia kwa mzaha mbele ya wenzetu. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini tukumbuke kwamba mgonjwa huficha maradhi pale anapojua atachekwa.

Je, inawezekana?

Msomaji atauliza: haya yatawezekanaje penye uhaba wa watu na fedha? Jibu lipo Rufiji kwenyewe. Kuanzia miaka ya 1990, Wizara ya Afya kwa kushirikiana na kituo cha Kanada cha utafiti wa maendeleo iliendesha mradi uliojulikana kwa kifupi cha TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Fedha za nyongeza zilikuwa chache, takriban dola 1 kwa kila mkazi kwa mwaka. Badiliko kubwa lilikuwa la mpangilio: timu ya wilaya ilipanga matumizi kwa kufuata magonjwa yaliyokuwa yakiua watu wake hasa, vituo vikubwa vilipewa jukumu la kusimamia zahanati zilizovizunguka, na redio za mawasiliano zikaviunganisha. Katika miaka michache vifo vya watoto chini ya miaka 5 vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Mradi ule haukulenga afya ya akili ya watumishi, wala hatudai hivyo. Tunachojifunza ni kwamba Rufiji ile ya mbali na ya mafuriko ilikwisha kuonesha kuwa zahanati iliyounganishwa na jirani yake ni zahanati tofauti. Sauti iliyopita redioni wakati ule ilibeba maelekezo ya kazi, simu ya leo inaweza kubeba hayo, na pia kubeba swali, "Umelala?"

Tukiri vilevile ukomo wa mapendekezo haya. Ziara, simu na kikao havizibi pengo la mwajiriwa ambaye hajaajiriwa. Halmashauri ikivitumia kuwa kisingizio cha kutoleta muuguzi wa pili, itakuwa imevigeuza kuwa mzigo mwingine.

Hitimisho

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Uzito wa usiku mmoja wa zahanati ya kisiwani hauonekani kwa anayesoma takwimu yake mwishoni mwa mwezi. Kazi ya msimamizi ni kuusogelea mzigo huo hadi auhisi, kisha aushike upande mmoja. Mkunga aliyeshikwa hivyo hubaki kisiwani na maarifa yake, na mama atakayegonga mlango usiku wa manane atamkuta mtu mwenye mikono isiyotetemeka.

Maswali ya mjadala

1. Katika kituo chako, nani anawajibika kupokea simu ya zamu ya usiku? Je, watumishi wote wanalijua jina lake, na la pili likiwa hilo halipatikani?
2. Tukio la mwisho la kifo cha mgonjwa kituoni kwenu lilipotokea, mtumishi aliyehusika alitembelewa na nani kwanza, na kwa kusudi gani?
3. Rudi kwenye mfano wa kujifunzia. Taja hatua tatu zisizohitaji fedha ambazo zingebadilisha wiki 3 zilizofuata kifo kile.
4. Mtumishi wa kituo chenu akihitaji tiba ya sonona leo, ataipata wapi bila wenzake kujua?
5. Jadilianeni: ni wakati gani uwajibikaji hugeuka lawama, na ni wakati gani huruma hugeuka kuficha ukweli?